Kumsaka Fundi na Babu wa Vituko Katika Ukoo wa Tanga

Waulize wazee wa Ngamiani, "Katika ukoo wetu nani alikuwa mvumbuzi?" Utajibiwa hakuna. Waulize tena, "Nani alikuwa hawezi kuona kitu kibovu akakiacha?" Majina matatu yatatoka kabla kahawa haijapoa. Kazi yote ya kumtafuta mbunifu wa ukoo imelala hapo. Mababu hao hawakuandikwa popote kama wavumbuzi. Waliandikwa kwa kazi yao, kwa lakabu, kwa deni, au kwa kesi. Ukijua kuzifuata njia hizo nne utawapata, na njiani utakutana na wengine wa vituko ambao hukuwatarajia.

Daftari kwanza, mti baadaye

Usianze kwa kuchora mti wa ukoo. Mti una nafasi ya majina tu, nao humsahau asiyezaa. Baba mdogo asiye na watoto ndiye mara nyingi aliyekuwa na muda wa kuchezea vyuma.

Nunua kauntabuku ya kwaya tatu, kila mtu apate ukurasa wake. Jipe namba 1, baba yako 2, mama yako 3. Babu na bibi wazaa baba ni 4 na 5, wazaa mama ni 6 na 7. Kanuni ni moja: baba wa mtu yeyote ni namba ya mtu huyo mara mbili, na mama ni mara mbili ukiongeza moja. Kwa hiyo mama wa bibi mzaa mama ni 15, huna haja ya kukisia. Ndugu wa pembeni wape herufi: kaka wa babu namba 6 awe 6a, dada yake 6b. Usiwaache hao.

Katika kila ukurasa andika majina yake yote (la nyumbani, la chuoni, la ubatizo, la utani), kazi zake, mitaa aliyokaa, vitu alivyoacha, na nani amekupa habari hiyo, tarehe gani. Mbele ya kila habari tia alama: M kwa aliyeona kwa macho yake, S kwa aliyesikia, K kwa karatasi. Baada ya miezi sita hutakumbuka nani alisema nini, na habari tano za S zote zinaweza kuwa zimetoka kwa shangazi mmoja.

Barazani

Anza na watu wawili: mwanamke mkongwe kuliko wote waliobaki, na mtani wa ukoo. Bibi ana majina na mpangilio wa kuzaliwa. Mtani ana yale ambayo ukoo hauyasemi, na desturi inampa ruhusa ya kuyasema, hata msibani mbele ya jeneza. Watu wa mrima na Wanyamwezi wana utani uliotokana na misafara ya bara. Kama ukoo wako una mtani wa namna hiyo, mtafute kabla ya kwenda ofisi yoyote.

Simu ya kurekodia iwekwe kwenye hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia inaweza kukata kurekodi. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa. Juu ya meza ya mbao kila kikombe kikiguswa kitasikika kama mlango unabamizwa. Dakika 40 zinatosha kwa siku moja, mzee akichoka huanza kukubaliana na kila unachomwambia. Mwombe ruhusa ya kurekodi baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Usiombe mlangoni.

Kisha usiulize kuhusu mtu. Uliza kuhusu kitu. Leta kitu chenyewe ukiweza: tezo, keekee, mizani, cherehani, sanduku la njumu, tarumbeta. Chukua mfano wa tezo, chombo cha kuchongea mbao, ya fundi wa vyombo vya baharini. Iweke mapajani mwa mzee, unyamaze. Tazama mkono wake unashika wapi. Mpini uliotumiwa miaka mingi huwa na bonde pale dole gumba lilipokaa. Bonde likiwa upande usio wa kawaida, mwenye tezo alikuwa mashoto, na hiyo ni habari ambayo hakuna karatasi itakayokupa. Uliza alikuwa akichonga mkuku (uti wa chini wa chombo) kwa mti gani, mataruma (mbavu zake) aliyapata wapi, kalfati ya kuziba nyufa aliipiga kwa pamba na mafuta gani, chini ya chombo alipaka shahamu na chokaa au kitu kingine. Mzee akitaja sehemu usiyoijua, mpe penseli aichore.

Swali linalofungua ubunifu ni hili: "Alikuwa akifanya nini ambacho mafundi wenzake hawakifanyi?" Liulize mara mbili, mwanzo na mwisho. Mara ya kwanza utapata sifa. Mara ya pili utapata kitu: alikuwa akitumia springi ya gari mahali pa msumari, alibadili urefu wa foromali (mti unaobeba tanga), alitengeneza mtego wa samaki ambao wenzake waliuiga.

Kitu cha chuma kina umri wake mwilini. Cherehani ya Singer, kwa mfano, ina namba iliyogongwa upande wa kulia wa kitako chake. Orodha za namba hizo na miaka ya kutengenezwa zinapatikana bure mtandaoni. Fundi aliyesemekana kushona sare kabla ya vita ya 1914 kwa mashine iliyotoka kiwandani 1927 ama alikuwa na mashine nyingine, ama hadithi imempita umri.

Lakabu ni karatasi

Tanga imejaa mababu waliokuwa "Kingi", "Kaiser", "Jemadari" na "Bwana Jenerali" bila kushika bunduki siku moja. Kabla ya kuandika kwamba babu alikuwa mkuu wa jeshi, uliza kama alicheza beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride la kijeshi. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti, vilivyoenea pwani yote na bara, vilikuwa na vyeo kamili vya kijeshi na vya kifalme, sare, magwaride na mashindano yaliyofilisi watu kwa karamu. Mwenye cheo cha Kingi huenda alikuwa karani wa forodha au mpishi. Kwa mtafutaji, huyo ana faida kuliko jenerali wa kweli: vyama vilikuwa na michango na ugomvi, na ugomvi ulifika kwa wakubwa wa wilaya, ambao waliandika.

Lakabu za kazi nazo zinasema. Mwashi, sonara, mhunzi, mkwezi, nahodha, kirangozi hazihitaji maelezo. "Korona" inahitaji. Kwenye mashamba ya mkonge hilo ni jina la mtambo wa kusaga majani ya mkonge, na la kiwanda chenyewe. Mtu aliyeitwa wa Korona huenda alikuwa fundi wa mtambo, yule aliyejua visu vimelegea kwa kusikiliza mlio. Huko ndiko ubunifu mwingi wa Tanga ulikofanyika, kwa sababu spea ilitoka ng'ambo kwa meli na mkonge uliokatwa haungoji.

Hapo hapo pana kipimo cha tarehe. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Hakuna babu aliyefanya kazi ya mkonge kabla ya hapo, na korona hazikuwa na cha kusaga mpaka miche hiyo ilipozaana. Reli ya kutoka Tanga nayo ilianza kujengwa mwaka huo huo wa 1893.

Mababu waliokuja kama manamba, waliosajiliwa kwa namba kutoka mikoa ya mbali, wana tatizo lao: jina lililoandikwa mara nyingi ni moja tu, na huenda alilichukua siku ile. Tafuta kadi ya kipande kwenye masanduku ya nyumbani. Ilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na inaweza kuwa na jina la shamba. Kadi moja iliyoliwa na mende ni bora kuliko hadithi kumi.

Kuipata miaka

Mzee hatakwambia 1918. Atakwambia alizaliwa mwaka wa homa kubwa. Andika maneno yake kama yalivyo, kisha yaweke karibu na matukio yanayojulikana: kipindupindu cha 1869 na 1870, kimbunga cha Aprili 1872 kilichoipiga Unguja na Bagamoyo, vita vya Abushiri 1888 na 1889, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889, kodi ya vibanda ya Wajerumani 1898, mapigano ya Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, homa ya 1918, Uhuru, 9 Desemba 1961, Operesheni Vijiji ya 1974. Neno "njaa" peke yake halikusaidii, njaa zilikuwa nyingi na kila kijiji kina jina lake. Uliza njaa ile walikula nini.

Makaburi na hati za zamani zina miaka ya Hijria. Zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Kaburi la 1335: 1335 mara 0.97 ni 1,295, ongeza 622, unapata 1917. Mwaka huo ulianza mwishoni mwa Oktoba 1916, kwa hiyo andika 1916/17, usichague mmoja. Miezi ya Kiswahili huhesabiwa kutoka Idi ya Ramadhani: mfunguo mosi ni Shawali, na mfunguo sita ndio mwezi wa Maulidi. Aliyezaliwa "mfunguo sita" hakuzaliwa Juni.

Tarakimu za Kiarabu zilizochakaa hudanganya. ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja, na ٥ iliyojaa chokaa huonekana kama nukta ya sifuri. Usisugue kaburi kwa brashi ya waya, usipake unga wala chaki: lipu ya chokaa hubanduka pamoja na maandishi. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, au mulika tochi kutoka pembeni karibu na ukuta wa kaburi. Kivuli kitasimamisha herufi. Piga picha nne, mwanga ukitoka kila upande.

Majina yakipita mikononi mwa wageni

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Babu yumo kwenye jalada, ila kaandikwa na Mjerumani au Mfaransa aliyeandika alivyosikia.

Mjerumani: j yetu huwa dj au dsch, ch huwa tsch, sh huwa sch, y huwa j. Juma ni Djuma au Dschuma, Chande ni Tschande, Shabani ni Schabani, Yahya ni Jahja, Bagamoyo yenyewe Bagamojo. Mfaransa: sh huwa ch, u huwa ou, j huwa dj. Shabani ni Chabani, Juma ni Djouma. Angalia mtego: "Cha-" kwenye kitabu cha padri Mfaransa ni "Sha-", lakini kwa ofisa Mwingereza ni "Cha-" kweli. Kabla ya kuingia ofisi yoyote, andika kila jina kwa namna zote hizo kwenye karatasi moja.

Majina kama Feruzi, Almasi, Marjani na Mabruki yalipewa sana watumwa. Hayathibitishi kitu peke yake. Yanakuambia tu uangalie pia upande wa barua za uhuru, ambazo Wajerumani walizitoa kwa maelfu. Ukikuta kwenye sanduku la bibi karatasi yenye neno Freibrief, usiikunje tena. Ipige picha pande zote mbili, uiweke kwenye bahasha.

Karatasi ziko wapi

Usajili wa serikali usiutegemee. Waafrika wengi hawakusajiliwa vizazi wala vifo wakati wa ukoloni, hivyo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, itakufaa zaidi kwa wazazi kuliko kwa mababu.

Ukoo wa Kikristo una bahati. Vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo hutaja wazazi na wasimamizi. Kwa Muheza na vijiji vya Bondei fuata kanisa la Anglikana. Chanzo ni misheni ya Magila, na nyaraka za wamisionari wake ziko Oxford. Kama nyuzi zako zinashuka kusini, misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilianzishwa 1868 na ina makumbusho yake. Walioletwa pale wakiwa watoto waliokombolewa mara nyingi hawana jina la baba kitabuni. Tafuta kabila na umri. Maneno ya Kilatini ya kukariri ni machache: filius ni mwana, filia ni binti, patrinus ni baba wa ubatizo, obiit ni alikufa.

Ukoo wa Kiislamu una hati za mashamba ya minazi, wasia, mikataba ya deni na silsila za vyuo, mara nyingi kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mpelekee shehe aliyezoea hati za mkono, si kijana anayesoma msahafu tu, kwa kuwa hati za zamani huacha irabu na p huweza kuandikwa kama b. Wanawake huonekana hapa kuliko kokote: wauzaji wa minazi, wadai, washitaki.

Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, zina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo maofisa waliandika koo, majumbe na maakida. Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, zinafaa kwa waliovuka bahari. Beba kitambulisho, barua ya utambulisho, na penseli, maana kalamu ya wino haikubaliki kwenye vyumba vya namna hiyo. Usiombe "jalada la ukoo wangu." Omba kwa wilaya, miaka na jambo: kesi, leseni, ardhi, ngoma. Mtu mtulivu hana faili. Babu aliyegombana na liwali, aliyekataa kulipa kodi, aliyepiga ngoma bila ruhusa, huyo ana kurasa thelathini.

Maandishi ya Kijerumani ya mkono hayafanani na ya leo. Programu ya Transkribus husaidia kuyasoma, lakini majina ya Kiswahili huyakosea sana. Yahakiki mwenyewe kwa ile karatasi yako ya tahajia.

Magazeti usiyaruke. Kiongozi lilichapwa Tanga kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, likabeba habari na mashairi ya Waafrika kutoka mijini. Mambo Leo lilianza 1923, na kurasa zake za barua na mashairi zimejaa majina ya watu wa kawaida wenye maneno makali.

Kuna pia safari. Mwili wa Livingstone ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874, na wale waliousindikiza walitunukiwa medali ya fedha na jumuiya ya jiografia ya London. Kama nyumbani mna kipande cha fedha cha duara chenye Kiingereza, soma ukingo wake kwa lenzi kabla ya kumpelekea sonara. Na usicheke ukiambiwa mtu wa pwani alifika Ulaya zamani hizo: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, akaoa huko, akafia huko 1927.

Hataza

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake. Itafute, ila usitarajie mengi. Wakati wa Waingereza hataza ilipatikana Uingereza kwanza, ndipo ikasajiliwa Tanganyika. Fundi wa karakana ya reli asingeweza gharama hizo, na mwajiri aliandika jina lake mwenyewe. Hata hivyo saa moja kwenye Espacenet, hazina ya hataza mtandaoni, haina gharama. Hataza za Ujerumani zimo tangu 1877. Tafuta kwa jina la ukoo na tahajia zake, kisha tafuta kwa anwani: andika "Tanganyika Territory" ndani ya alama za nukuu pamoja na neno Tanga kwenye Google Patents. Ukipata Mzungu wa shamba alilofanyia kazi babu, angalia mwaka na mchoro, upeleke mchoro kwa wazee. Huenda mzee akacheka na kukuambia kile kibano kilianzia kwa nani. Hiyo iandike kama S, si K.

Kwa miaka ya karibuni, BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ndiyo yenye daftari la hataza, na ofisi ya hataza ya kanda ya Afrika, ARIPO, iko Harare.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kuunganisha watu wawili kwa sababu wote ni Juma bin Ali. Usiwaunganishe mpaka walingane mambo matatu: jina la babu, mtaa, na kazi au mke. La pili ni neno "babu" lenyewe, linalobeba kaka wa babu na hata rafiki yake. Uliza, "Alimzaa nani?"

Habari za utumwa, wawe waliomilikiwa au waliomiliki, usizitie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kuna ndoa na mirathi zilizokaa juu ya ukimya huo. Ziandike kwenye daftari lako, na umuulize aliyekuambia nani anaruhusiwa kuzijua.

La mwisho ni hesabu. Chukua dai: bibi alimwona Abushiri akipita. Mama yako alizaliwa 1952, na bibi, mama yake, alimzaa akiwa na miaka 24. Bibi ni wa 1928. Abushiri alikufa 1889. Haiwezekani, hata ukimwongezea bibi miaka ishirini. Lakini usilifute dai. Rudisha kizazi kimoja: mama wa bibi, namba 15, akiwa alizaliwa karibu na 1895, bado hafiki. Mama yake huyo, namba 31, angekuwa msichana wa Pangani wakati ule. Fungua ukurasa wa 31, ambao pengine ni mtupu bado, andika dai kwa alama ya S, na siku ya pili barazani anza na swali hilo: mama yake bibi alilelewa na nani?